"With him" au "with himself": mwalimu akate alama?

MLETA HOJA: Mwanafunzi wa kidato cha tatu kaandika: "The driver who had no licence with himself was fined." Nimekata alama. Mwalimu mwenzangu ananiambia nimemwonea mtoto, maana asiye na leseni ni huyo huyo dereva, na kanuni tuliyofundishwa wote ni kwamba mtenda akijirudia, weka -self. Kwangu kanuni hiyo ni nusu tu. Mwingereza husema "with him", "on him", "behind her". Karibuni tuvutane.

MWALIMU WA NAKURU: Mwenzako yuko sahihi. "Proud of himself" ina kihusishi ("of"), "talking to himself" ina kihusishi ("to"), na zote mnatia tiki. Hii ya dereva imekosa nini? Darasa likiwa limefurika, mtoto anahitaji kanuni anayoweza kutoka nayo mlangoni.

MFASIRI: Mwalimu, kihusishi hakina kesi hapa. Angalia maana inaweza kwenda kwa nani. Ukisema "the boy who is proud of him", msomaji anamtafuta mtu wa pili, kwa hiyo -self ni lazima kumrudisha kwa mvulana mwenyewe. Sasa chukua "the man who had no money on him". Hakuna mtu wa pili anayeweza kuingia hapo. Huwezi kukosa hela mfukoni mwa jirani. Ndiyo maana "him" inatosha. Katikati kuna eneo la ruhusa: "the boy who saw a snake near him" na "near himself" zote zinapita.

MWALIMU WA NAKURU: Na "the woman who closed the door behind her"? Hapo mtu wa pili anaweza kuwepo.

MFASIRI: Anaweza, nakubali. Hata hivyo "behind her" ndiyo ya kawaida, "behind herself" inakwaruza sikio. Maneno ya mahali huwa na ulegevu wake.

MWANAISIMU CHIPUKIZI: Mnapigania kosa dogo. Kubwa ni hili: "Asha met a man who was proud of herself." Anamkusudia Asha, lakini kishazi rejeshi, yaani kipande kinachoanza na "who", kimeshafunga mlango. Ndani yake mtenda ni "who", yaani yule mwanamume, na -self humtafuta mwenyewe humo humo. Mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky aliiweka kanuni ya namna hii mwaka 1981. Na mtoto wetu anayo tayari: ukimwambia "Asha alikutana na mwanamume anayejisifu", hatafikiri hata kidogo kwamba anayesifiwa ni Asha. Anzieni hapo.

MZEE WA LAMU: Wanangu, Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi. Biblia yao ya 1611, Mwanzo 33:17, inasema Yakobo "built him an house", na nyumba ni yake mwenyewe. Zamani "him" ilibeba kazi zote mbili, na "self" ilikuwa ya kutilia mkazo. Kwa hiyo mnachosahihisha ni desturi ya leo, si mantiki.

MHARIRI: Nami nichokoze: "people like myself". Wapo wanaoikataa. Mimi naiacha ipite, waandishi wazuri wameitumia miaka na miaka. Ninayoifuta ni "send it to myself" ya mtu anayetaka *wewe* umtumie. Hiyo ni kujikweza kwa barua za ofisini tu.

MLETA HOJA: Shikamoo mzee, na ahsanteni. Basi narudisha alama ya dereva, nachora mstari chini ya "himself" na kuandika "on him" pembeni. Ya Asha nakata, sirudi nyuma.

MWALIMU WA NAKURU: Kwenye daftari sawa. Mtahini wa taifa hachori mstari, kaka. Yeye ana alama moja au sifuri, na bado hujaniambia huyo dereva apewe ipi.