Naomba ushauri: Kosta ya kukodi kwenda dabi Dar kutoka Moshi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni Mwananchi damu damu, yaani shabiki wa Yanga, nina genge la mboga hapa Mbuyuni, Moshi. Msimu mzima naangalizia kibanda umiza, na mume wangu (Mnyama huyo, shabiki wa Simba, Mungu amsaidie) anajua siku Yanga ikicheza usiku atakula kiporo.

Sasa tawini tunachangishana tukodi Kosta twende Uwanja wa Mkapa kwenye dabi ya Yanga na Simba. Mwenye gari anataka nusu ya hela mapema na hairudishwi. Hapo ndipo nakwama. Si mnakumbuka Machi 8, 2025? Mechi iliahirishwa siku yenyewe, watu wa mikoani wameshafika na jezi zao mwilini. Ikaja kuchezwa Juni 25, tukashinda 2-0, sawa, ila nauli ya Machi ndiyo ilishaliwa.

Katibu anasema tulipe tu. Mimi naona kila mtu akate tiketi yake ya basi. Tatizo huko hakuna ngoma wala vuvuzela, na kilomita zaidi ya 500 mmenyamaza kimya utadhani mnasindikiza msiba.

Mliowahi kukodi, mnaandikishana vipi na mwenye gari ili mechi ikisogezwa hela isipotee? Na tiketi za N-Card (ile kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani), kila mtu awe na kadi yake au mmoja anatukatia wote? Halafu gesti ya heshima maeneo ya Temeke kwa mwanamke aliye peke yake, bei ya kawaida, ipo?