Nyimbo za kusimulia mauaji: mnaona sawa zipigwe tu sokoni na kwenye daladala?

Wakuu habari za huko mliko, naomba tulijadili hili bila matusi maana limenikaa rohoni wiki ya pili sasa.

Mi nauza dagaa hapa Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba, mwaka wa tisa huu. Juzi kati mbalamwezi ilikuwa kubwa, na mnajua dagaa anataka giza ndo afuate taa, kwahiyo mitumbwi haitoki, mzigo hakuna, tumekaa tu kwenye meza tunachambua mabaki na kupiga stori. Kuna kijana anachaji simu na kuwarushia watu nyimbo kwenye memori kadi, akafungulia spika wimbo mpya wa msanii wa hukuhuku kanda ya ziwa, siutaji na naomba na nyie msiutaje. Jamaa kwenye wimbo karudi kutoka kambi ya visiwani baada ya miezi, anamkuta mpenzi wake na mtu mwingine, anachukua kisu cha kuparulia samaki. Biti tamu, sikatai, na msanii anajua kusimulia, yaani unauona mpaka mlango wa bati unavyofunguka. Kibwagizo ndo kinasema alichofanya na kile kisu, na vijana wanakiimba huku wamebeba magunia.

Meza ya tatu kutoka kwangu anakaa mayu (mama kwa Kisukuma) mmoja ambaye binti yake aliuliwa na mume wake, soko zima linajua, tulichangishana hapahapa hela ya jeneza. Mayu hakusema neno. Alichukua sado yake iliyojaa dagaa akaimwaga kwenye gunia, akaijaza tena taratibu, akaisawazisha kwa kiganja kama vile mteja yupo mbele yake, akaimwaga, akaijaza. Kibwagizo kiliporudi mara ya tatu akakaza kanga kiunoni, akanikabidhi kopo lake la hela, akaondoka. Nikamuuzia mpaka jioni.

Kesho yake ndo mabishano yakaanza. Nusu ya soko wanasema BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waufungie, nusu wanasema ni sanaa, mambo hayo yanatokea kweli, sasa msanii aimbe nini, maua?

Msimamo wangu: sitaki nyimbo za mauaji zifungiwe. Ila wimbo wa mauaji una macho, unaona kutokea upande wa mtu fulani, na wengi wa wasanii wetu wanaona kutokea upande wa aliyeshika kisu. Ule wimbo dakika nne nzima tunajua jamaa alivyolala njaa ziwani, kitenge alichonunua, roho ilivyomuuma, machozi yake. Yule dada hana jina, hana mama, hana hata neno moja alilosema. Kaingizwa kwenye wimbo ili achomwe tu.

Na mbona inawezekana kuimba vingine. Wapenzi wa taarab ya zamani wanaujua wimbo wa Siti binti Saad unaoitwa Kijiti, mambo ya Unguja enzi za Mwingereza. Kuna mwanamke mgeni alitolewa kutembea, akauliwa na huyo Kijiti, muuaji akakimbia zake, alafu kwenye kesi waliobebeshwa lawama ni wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi, kisa eti pombe. Mahakama ikafunga faili, Siti akafungua mdomo. Karibu miaka mia sasa na bado tunajua kwamba haki haikutendeka. Ningekuwa na uwezo ningewapigia vijana wa pale mwaloni huo kila asubuhi.

Sasa ulinganishe na wimbo wa Wamarekani. Kule Carolina Kaskazini, 1866, aliuliwa msichana anaitwa Laura Foster, na 1868 akanyongwa kijana Tom Dula kwa kosa hilo. Watu wakamwimba miaka na miaka, mpaka 1958 kundi la Kingston Trio likautoa ukawa namba moja nchi nzima. Mule ndani Tom anahurumiwa, ainamishe kichwa, alie, maskini kesho anakufa. Laura jina lake halimo kabisa. Yaani dunia nzima imemlilia muuaji na aliyeuawa wakamsahau hata kumtaja!

Na sisi wa ziwa ndo tulitakiwa kuwa walimu wa hili, maana yaliyotupata tunayajua. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoshika kasi miaka ile ya 2007 na 2008, hapa Mwanza, Geita, Shinyanga, watoto wanafichwa ndani mchana kweupe. 2017 ikatoka albamu inaitwa White African Power, kundi la Tanzania Albinism Collective, watu wenye ualbino wa hapo Ukerewe tu, kivuko kimoja kutoka tulipo. Hawakuwa wasanii wa studio, nyimbo wakatunga wenyewe. Waliokuwa wanawindwa ndo wakashika maiki, ndo nachosema mimi. Lakini zunguka Mwanza yote uniambie ni daladala gani umewahi kuisikia.

Karibuni, nishambulieni kwa hoja.

---

Nimerudi, nimesoma zote, najibu chache.

Kuna mkuu kaandika kwamba najipinga mwenyewe maana hata wimbo wa Siti umeitwa kwa jina la muuaji. Umenibana hapo, nimekaa nao muda. Lakini angalia, yule mtu alikuwa ametoroka. Kumtaja jina kwenye wimbo unaoimbwa kila baraza ni kumfuata alikokimbilia, hata akishuka kwenye jahazi upande wa pili wimbo umeshafika. Mwenzake wa kwenye ule wimbo wa sokoni hatafutwi na mtu, anapewa pole.

Mwingine kauliza mbona Bongo muvi zimejaa mauaji, magazeti kila siku wivu wa mapenzi, nyimbo tu ndo zimenikera. Ndio, kwasababu muvi unaitazama, gazeti unalisoma, ila wimbo unausema wewe kwa mdomo wako. Kibwagizo kinasema nilimchoma, NILI, na mwanangu wa darasa la pili karudi nyumbani anaosha vyombo anaimba nilimchoma. Hajui anachosema lakini kinywa kimeshazoea. Hilo gazeti haliwezi.

Yule aliyeleta habari za ngoma za Wasukuma, kwamba makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu tangu zamani wanatupiana maneno makali mpaka ya vifo na uchawi na hakuna aliyekufa, hapana ndugu yangu. Ngoma nazipenda, mwezi wa sita nikipata nafasi hua naenda Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Ila sisi wote tumekulia huku, tunajua bibi akishaimbwa kwenye ngoma kwamba usiku halali, na macho yake mekundu sababu ya moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini, kuna siku watakuja watu na mapanga. Bibi mzaa mama alihamishwa kijijini usiku na wajomba kwasababu ya wimbo tu, mistari miwili ya mafumbo, hakutajwa hata jina. Kwahiyo wimbo mwingine unatangulia kabla ya mauaji, unayaandalia njia. Tusiseme ni maneno tu.

Aliyejitambulisha kuwa ni msanii, nakuheshimu umekuja kwa adabu. Umeuliza je kila wimbo uanze na ruhusa ya familia, hata ukiwa wa kutunga? Wa kutunga hapana, tunga. Mpe tu yule dada jina na mdomo, mwache aseme kitu kabla hajafa, uone wimbo wenyewe utakavyogeuka. Lakini kama ni tukio la kweli, na watu mtaani wanajua ni la nani, nenda kwao kwanza. Kaa kwenye mkeka, toa rambirambi, useme mama nataka kumwimba mwanao. Akikataa, acha. Na kama kesi bado iko mahakamani subiri, kuna mashahidi wanaogopa na wewe unapita na spika unawaambia mshtakiwa alikuwa na moyo mzuri.

Na mliouliza habari za mayu, karudi mezani, anauza. Kijana wa spika niliongea nae pembeni, kumbe hakujua kabisa, kidogo alie. Kaufuta ila anasema wateja wanauulizia na yeye anakula kwa hiyo memori kadi, akaniambia dada basi niletee mwingine wa kisa cha kweli nipige badala yake. Nimempa Kijiti, kasema sauti ni ya zamani mno, sahani inakwaruza, vijana hawatasikiliza. Kwahiyo mwenye wimbo wa sasa hivi, wa kanda yetu, uliomtaja aliyeuawa kwa jina lake na wazazi wake wakaukubali, auweke hapa. Jumamosi napita kwake na simu.