Muuguzi wa zahanati naitwa kujadili sera. Nianzie wapi?

Habari wakuu. Ni muuguzi wa zahanati, mwaka wa tisa huu. Mganga mfawidhi kaniambia Alhamisi niende wilayani kujadili jinsi msamaha wa malipo kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 5 unavyofanya kazi. Sera ya Afya ya 2007 nimeisoma jana usiku, mara ya kwanza, nakiri. Nitawaambia nini wakubwa wale?

Mkunga_wa_Zamu: Dada, beba MTUHA namba 12, ile rejesta ya kujifungua. Hesabu waliojifungua miezi mitatu, kisha tazama leja ya dawa: siku ngapi oksitosini (sindano ya kuzuia mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua) au glavu hazikuwepo? Msamaha unafia hapo. Karatasini bure, mlangoni mama anatumwa dukani.

Mstaafu: Usiende na malalamiko, nenda na tarehe. Mimi nilisema "vifaa havitoshi", wakaandika "imepokelewa", tukanywa chai.

Muulizaji: Nimehesabu. Glavu zilikosekana siku 19 kati ya 90! Hata mimi sikujua. Majina ya akina mama niyaache?

Mkunga_wa_Zamu: Yaache kabisa, namba tu. Na posho usisahau kusaini 😄