Bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu: imekaaje hii?

Mwl_wa_KKK: Wakuu, habari za kazi. Nafundisha darasa la pili, watoto 87 mkondo mmoja tangu mwenzangu ahamishwe. Kamati ya shule inataka kuanzisha bonasi: mtoto akijua kusoma mwisho wa mwaka, mwalimu analipwa. Hela siikatai, makato yananimaliza. Ila vitabu vya Kiswahili ninavyo 11. Kuna anayejua jambo hili liliwahi kwenda vipi?

MzeeChaki: Mwalimu, pole na kazi. Lilifanyika hapa hapa Tanzania: mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, 2013 na 2014, shule 350, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwingine mwalimu alilipwa sh. 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo lake. Kundi la tatu likapata vyote. Ruzuku peke yake haikusogeza kitu. Bonasi peke yake, kwa kusuasua. Zilipokwenda pamoja ndipo watoto wakajua. Waulize kamati vitabu viko wapi kwanza.

Jirani_Mkenya: Huku Busia na Teso walijaribu mwishoni mwa miaka ya 1990, walimu wakapewa zawadi kufuatana na mtihani. Alama zikapanda, zawadi zilipokwisha faida haikudumu. Utoro wa walimu ulibaki vilevile, kilichoongezeka ni vipindi vya kuwanoa watoto kwa mtihani. Mimi sishangai hata kidogo. Nilipe kwa mtihani, nitafundisha mtihani.

Mwl_wa_KKK: Hapo ndipo ninapoogopa. Nina binti hukaa dirishani, bado anachanganya b na d. Kama malipo ni kwa anayesoma aya nzima, nitahangaika na yule aliyebakiza kidogo, yeye nimwache.

MzeeChaki: Awamu ya KiuFunza ya 2015 na 2016 ililitazama hilo. Walilipa kwa ngazi za ujuzi, si kwa kufaulu kwa jumla. Nanyi wekeni zenu: silabi, neno, sentensi, aya. Huyo binti akijua silabi tu, tayari unalipwa kwa ajili yake. Walijaribu pia mfumo wa kushindanisha watoto walioanza sawa, hesabu zake ndefu, na ule rahisi wa ngazi haukuzidiwa. Andikeni ngazi kwenye muhtasari wa kikao, na anayepima asiwe wewe.

Mwl_wa_KKK: Asante sana mzee. Kikao ni Ijumaa. Mwalimu mkuu naye ameshauliza fungu lake.

MzeeChaki: KiuFunza ilimpa 1,000 pale mwalimu wa somo alipopata 5,000. Mtajie mapema, kabla hajataja yake.