Lava ikitokea chini ya barafu, kioo kinatoka wapi?

Kijana_wa_Nyegezi
Wanajukwaa, salaam. Nimekulia Mwanza katikati ya mawe na nilidhani mawe nimeyazoea, hadi mwalimu wetu wa jiografia alipotuonyesha picha za milima ya Aisilandi. Ni miamba ya rangi ya kahawia inayoelekea njano, inayomeguka kwa urahisi, na ndani yake mna vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Alisema imetokana na volkano zilizolipuka chini ya barafu. Je, lava ikikutana na barafu haizimiki tu ikawa jiwe la kawaida? Na kwa nini mawe yetu ya Capri Point hayana kioo hata punje?

Mzee_Kokoto
Mwanangu, tofauti iko katika muda. Jiwe likiwa bado uji wa moto, chembe zake hutangatanga, na zikipewa nafasi ya kupoa polepole hujipanga zikawa fuwele, yaani punje za madini. Graniti yetu ilipoa kilomita kadhaa chini ya ardhi, miaka bilioni 2 na nusu hivi iliyopita, bila haraka yoyote. Ndiyo maana ukilipasua jiwe la Igoma unaziona punje zake kwa macho. Lava ya basalti, lile jiwe jeusi la volkano, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na ikiguswa na maji ya barafu iliyoyeyuka, ngozi yake huganda kabla chembe hazijajipanga. Hicho ndicho kioo. Anayepika kashata anajua: shira ya moto ikidondoshwa kwenye maji baridi huwa kitu kigumu cha kung'aa.

Kioo hicho hakidumu kikiwa kizima, kwa sababu kinasinyaa ghafla na kupasuka vipande vidogo. Sisi wapasua mawe huwasha moto juu ya jabali ili lipasuke. Kule kazi hiyo hufanywa na baridi.

Mama_Jiolojia
Mzee ameeleza vizuri, ila niongeze jambo la uzito wa barafu, maana ndilo linaloamua jiwe litakuwa la namna gani. Ziwa letu la Viktoria lina kina cha mita 80 hivi mahali penye kina kirefu zaidi, na kanieneo, yaani mgandamizo, ya maji pale ni kama mara 8 ya ile ya hewa. Chini ya barafu yenye unene wa mita 500 hufika kama mara 45. Kanieneo ikiwa kubwa kiasi hicho, maji hayawezi kufutuka kuwa mvuke kwa kishindo, kwa hiyo lava hujilundika kwa utulivu katika maumbo ya mviringo yanayoitwa lava ya mito, yaani mito ya kulalia wala si ya maji. Mlima ukikua na barafu iliyo juu yake ikiyeyuka, kanieneo hushuka, milipuko huanza, na lava husagika kuwa majivu na vipande vya kioo. Volkano ikitokeza juu ya maji, lava hutiririka kama kawaida na kuweka kifuniko bapa. Mlima Herðubreið wa Aisilandi una umbo hilo.

Mwaka 1996 jambo hili lilishuhudiwa huko huko Aisilandi, katika volkano ya Gjálp, chini ya barafu kubwa ya Vatnajökull. Mlipuko ulianza tarehe 30 Septemba, ukachukua saa 30 hivi kuitoboa barafu, ukaacha chini yake tuta la vipande vya kioo lenye urefu wa kilomita 6 hivi. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalijikusanya katika ziwa la Grímsvötn, na mwezi Novemba yakafurika na kubomoa madaraja.

Kijana_wa_Nyegezi
Nawashukuru, Mzee na Mama. Lakini kama kioo ni cheusi, ile rangi ya njano imetoka wapi?

Mama_Jiolojia
Kioo cha basalti hakitulii. Maji ya moto yanayopita kati ya vipande hukigeuza kuwa palagoniti, kitu cha njano au kahawia, na madini mapya huota katika nafasi zilizobaki yakagandisha majivu yote kuwa mwamba unaoitwa tufu. Katika kisiwa cha Surtsey cha Aisilandi, kilichozuka kutoka baharini mwaka 1963, majivu yaliyokuwa karibu na joto yaligeuka tufu ngumu ndani ya miaka michache tu. Kwa hiyo vile vipande vyeusi ulivyoviona ni kioo ambacho maji bado hayajakimaliza.