Chujio la mishumaa limeanza kutoa maji kwa matone

Mteja_wa_Kisima: Wakuu, nina chujio la ndoo mbili, mishumaa miwili ya kauri (vile vichungi vinavyopitisha maji). Ndoo ya juu, lita 10, ilikuwa inaisha usiku mmoja. Sasa siku mbili. Maji ni ya kisima, Usa River, Arusha. Ninunue mishumaa mipya?

Bomba_Nusu: Subiri kwanza mkuu. Toa mshumaa, usugue kwa mswaki laini ndani ya maji safi mpaka utelezi wa kahawia uishe na weupe urudi. Sabuni usitie, kauri inaifyonza. Halafu uzamishe majini, puliza kwenye shina lake: mapovu yakitoka kwa wingi sehemu moja, kuna ufa, tupa hata kama unauona mzima. Ukirudisha, ile pete (washa) ya mpira ikae sawa na nati ukaze kwa vidole tu. Spana inavunja shingo ya plastiki, maji yanapenya pembeni bila kuchujwa. Ndoo ya kwanza mwaga.

Koki: Maji yenye tope yaache yatulie usiku kucha, chota ya juu. Na ndoo ya chini ioshwe pia, wengi wanaisahau.

Mkaa_Mweusi: Usa River? Hapo tatizo kubwa ni floraidi, madini yanayoyeyuka majini na yakizidi huharibu meno na mifupa. Kauri haiitoi. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kapime, ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), tafuta chujio la mkaa wa mifupa, na upime tena mara kwa mara kwa sababu mkaa huo huchoka bila dalili.