Redio ya upepo kwenye gari ya safari: dashibodi au juu ya kioo?

Msafiri_Karatu: Wakuu habari za humu. Nataka kufunga redio ya upepo, ya kuongea na madereva wenzangu porini, kwenye gari kabla msimu haujafunguka mwezi wa sita. Fundi anasema tutoe redio ya muziki, hii ikae palepale kwenye dashibodi. Dereva mwenzangu anasema juu ya kioo cha mbele. Ipi bora? Na nichukue Motorola, Icom au Kenwood? Jibuni chapchap, fundi ninaye hapa.

BabaNeema: Gari gani? Volti ngapi? Kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unacho, au unatumia masafa ya kampuni? Umekuja kama mgonjwa anayesema "naumwa" halafu kimya.

Shangingi70: Kenwood. Yangu ina miaka 11, imeshaingia maji mtoni na bado inaongea. Mjadala umefungwa.

FundiWaya: Haujafungwa. Mkuu, weka juu ya kioo. Redio ya wati 25 ukirusha sauti inachemka, na nyuma ya dashibodi hewa haipiti. Halafu waya wa maiki utakuwa unanasa kwenye gia kila ukibadilisha.

Msafiri_Karatu: Samahani, nilikuwa na mteja. Ni Land Cruiser, betri mbili.

BabaNeema: Betri mbili si jibu! Zikiungwa sambamba ni volti 12, zikifuatana ni 24. Redio hizi zinataka 13.6. Ukiipa 24 utaona moshi. Pima kwanza.

DadaTwiga: Kuliko mahali pa kuiweka, angalia umeme unatoka wapi. Mimi fundi alidokoa kwenye waya wa redio ya muziki, ule mwembamba kama uzi wa kushonea. Mjini ilifanya kazi safi. Machi nikazama Ndutu, tope jeusi mpaka kwenye ekseli, wageni wanne ndani, jua linazama. Nawasikia wenzangu kabisa, wanacheka, wanaitana kwenye duma. Nikibonyeza maiki niombe msaada, taa ya redio inafifia, inazima, inawaka upya. Kusikiliza kunataka umeme kidogo, kurusha kunaweza kula ampea 7 au 8, ule waya haukuweza. Tulivutwa saa tatu usiku, na mtu aliyepita kwa bahati tu. Sasa waya wangu mnene unatoka kwenye betri moja kwa moja, fyuzi iko palepale karibu na betri.

Shangingi70: Pole dada. Ila siku hizi si kuna WhatsApp?

DadaTwiga: Mtandao upi, kaka? Ule wa pale getini?

Mzee_wa_Kreta: Hizo redio ndizo zimeharibu kazi. Mmoja akisema "masharubu", yaani simba, dakika kumi magari ishirini yamemzunguka simba mmoja. Zamani tulisoma nyayo.

FundiWaya: Mzee, zamani pia mlilala porini gari ikiharibika. Msafiri, antena isisahaulike. Ya masafa ya VHF ni kama sentimita 50, ifunge kwenye bodi la chuma, usiiweke kwenye paa la kunyanyua. Na usirushe kabla haijaungwa, utaua redio.

Mzee_wa_Kreta: Tulilala, na simba tuliwaona.

Msafiri_Karatu: Wakuu, fundi kashachonga dashibodi. Tundu limezidi redio pande zote. Nani ana fremu ya kuzibia?

BabaNeema: Volti umepima?

Shangingi70: Fremu ninayo, ya Kenwood.